Wanawake Niliowaruka Katika Swali la Saba

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Watoto mliokaa mbele, salamu zenu nimezipokea. Nasimama kwa jina la Mungu ambaye amenisubiri miaka mingi nifungue mdomo, na naona sasa amechoka kusubiri.

Mchungaji amenipa dakika kumi na tano. Mzee wa kanisa pale mlangoni ameshaangalia saa yake, nimemwona. Mzee wangu, nivumilie. Jambo hili nimelibeba tangu mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa bado mpya, haliwezi kutoka mara moja. Na sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Sababu yake mtaijua mwishoni.

Hapa hapa niliposimama niliwahi kusimama nikiwa na joho jeusi na kofia yenye kishada. Mnakumbuka. Mlichinja dume, kwaya ikaimba nyimbo nne, mama yangu akacheza mpaka kitenge kikamdondoka. Siku ile niliwadanganya. Sikuwadanganya nyinyi peke yenu, ila nyinyi mlikuwa wa mwisho kudanganywa, ndiyo maana nimeanza kwenu.

Wengi mnaijua nyumba yetu, ile ya chini ya barabara penye mikaratusi. Baba alilima ngano na maharage, mama akafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Lakini bibi yangu mzaa baba hakuwa mtu wa huku juu. Aliolewa kutoka kule chini tambarare, kwa wafugaji, upande wa Getanuwas. Alikuja kwa babu na mikufu yake ya shaba, na mila zake akaja nazo vilevile. Kwa watu wa bibi, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala majina ya wazee wa rika lake katika ukoo ule. Halitamki akiwa na hasira, halitamki akiwa mgonjwa, halitamki hata mzee mwenyewe akishazikwa. Kwao hiyo ndiyo heshima, kama sisi tunavyoshindwa kumpita mzee bila shikamoo.

Sisi wajukuu tulikuwa watundu. Tulikuwa tunamfuata jikoni, tunamuuliza, "Bibi, baba yake babu aliitwa nani?" Yeye anaendelea kuchambua maharage. Tunamuuliza tena. Anasema, "Waulizeni wanaoweza kumwita." Tunacheka mpaka tunakaa chini. Siku moja nilimwambia, "Bibi hajui!" Akaniangalia, akaniambia, "Najua kuliko wewe. Wewe unalo mdomoni tu."

Ndugu zangu, nawaambia jambo hili mapema ili mtu asije akanionea huruma baadaye akasema, maskini, hakujua. Nilijua. Nililijua tangu sijaanza darasa la kwanza.

Basi nikasoma, nikapata shahada ya kwanza, nikafundisha kidogo, kisha nikapata nafasi ya shahada ya uzamili. Watu walikuwa wananiuliza ninasoma nini. Nikisema sayansi ya siasa, wanasema, "Aa, utagombea ubunge." Nikisema hapana, ninasoma uchambuzi wa takwimu za siasa, wananiuliza habari za mvua huko mjini. Mama ndiye aliyepata namna ya kueleza. Aliwaambia majirani, "Anasomea kuuliza watu maswali na kompyuta inamwambia wamejibu nini." Mpaka leo sijasikia maelezo bora ya kazi yangu.

Na wakati wenyewe ulikuwa wa kuuliza. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia, biashara zimefunguliwa, mashirika yanakuja na magari meupe, na kila shirika linataka takwimu kabla halijachimba hata choo. Zamani ofisa alikuja kijijini kusema. Sasa alikuja kuuliza. Mimi nikajiona nimezaliwa kwa ajili ya wakati huo. Nikaamua tasnifu yangu iwe juu ya wananchi wa Hanang na Mbulu: wanajua nini kuhusu viongozi wa vijiji vyao, na wanataka nini katika huduma, hasa maji.

Nikatengeneza dodoso. Dodoso ni zile karatasi za maswali, na lile nililitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Swali la saba lilisema: Taja jina la mwenyekiti wa kijiji chako. Chini yake kulikuwa na visanduku. Kimoja cha aliyetaja sawasawa. Kimoja cha aliyekosea. Kimoja kimeandikwa "hajui", na pembeni yake maelekezo: nenda swali la ishirini. Maana niliona mtu asiyemjua hata mwenyekiti wake hana sababu ya kuulizwa maoni kuhusu uongozi. Na cha nne kimeandikwa "hakujibu, eleza sababu", na huyo unaendelea naye swali la nane, la tisa, mpaka mwisho. Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu dhambi yangu yote iko kati ya kisanduku cha tatu na cha nne.

Huku juu kazi ilienda vizuri. Gitting nilimaliza kwa siku chache, na baadhi yenu niliwahoji, mnakumbuka mlivyonilisha viazi. Mbulu nako nilimaliza. Getanuwas nikaiacha ya mwisho, na nilipofika mvua zilikuwa zimeshaanza. Ule udongo mweusi wa kule ukilowa, gari halitoki. Dereva wa gari nililokodi akaniambia, "Dada, leo na kesho tu. Keshokutwa mimi sipo."

Kitongoji nilichopangiwa na ile bahati nasibu ya sampuli kilikuwa cha ukoo mmoja mkubwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mzee wa ukoo huo. Wanawake karibu wote wa pale wameolewa humo. Kwao mwenyekiti siyo mwenyekiti tu. Ni baba mkwe.

Boma la kwanza nilipokelewa na mama mmoja mtu mzima, mrefu, vazi lake la ngozi limeng'aa kwa samli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia bibi yangu ametoka upande huu. Loo! Alinishika mikono yote miwili. Akawaita wanawake wengine, akawaambia kwa lugha yao, "Huyu ni mjukuu wetu, huyu hatutahangaika naye." Akaniletea kibuyu cha maziwa. Nikanywa, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikaanza kuuliza. Umri, mifugo, watoto. Alijibu vizuri, yeye kwa Kiswahili chake, mimi kwa kile kidogo cha lugha ya bibi. Nikafika swali la saba.

"Mama, mwenyekiti wa kijiji chenu anaitwa nani?"

Akatabasamu. Akainua kidevu kuonyesha boma la upande wa pili, lenye nyumba kubwa. Akasema, "Yule."

Nikacheka, wapendwa. Nilicheka kama tulivyokuwa tunacheka jikoni kwa bibi. Na yeye akacheka, akijua nimeelewa. Halafu nikaangalia juu kwenye mawingu, nikamwangalia dereva amekaa kwenye boneti anachezea funguo, nikahesabu maboma yaliyobaki. Nikiweka alama kwenye kisanduku cha nne, huyu mama nitakaa naye saa nzima. Nikiweka kwenye cha tatu, dakika tano nimemaliza. Nikaweka "hajui". Nikaruka swali la nane mpaka la kumi na tisa, nikamuuliza swali la ishirini, kama anasikiliza redio. Nikamshukuru, nikasimama.

Akashangaa. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Na maji hutuulizi? Walisema unakuja kuuliza maji."

Nikamwambia tutaonana tena. Nikaenda boma la pili. Wanawake thelathini na mmoja, siku mbili. Wote walinionyesha kwa kidevu au kwa mkono, mmoja alisema "mwenye boma kubwa", mwingine akasema "huyo aliyenioza mwanawe". Wote nikaandika hawajui. Baada ya wa tano mkono wangu ulikuwa unaandika wenyewe. Gari likatoka kwenye matope kabla ya giza na dereva akanisifu kwamba ninafanya kazi haraka.

Chuoni nikaingiza kila kitu kwenye kompyuta. Kompyuta haiulizi mtu alitabasamu au hakutabasamu. Hajui ni sifuri, na sifuri nikaiweka. Nilipochora mchoro wa nguzo, nguzo za wanawake wa huku juu zikapanda, za wanaume zikapanda, na pale pa wanawake wa Getanuwas pakawa patupu kabisa, kama meno yaliyong'oka.

Msimamizi wangu alikuwa mtu makini. Aliangalia ule mchoro muda mrefu. Akasema, "Hii ndiyo tasnifu yako. Lakini inanisumbua. Hata mmoja hamjui mwenyekiti wa kijiji chake? Una uhakika?"

Mlango ulifunguliwa hapo, ndugu zangu. Ningeweza kusema, mwalimu, nilikosea kisanduku. Angenikaripia, angenirudisha Getanuwas kiangazi, yangekwisha. Badala yake nikakaa sawa kwenye kiti, nikasema, "Mwalimu, nina uhakika. Mimi ni mtu wa huko."

Nilimtumia bibi yangu kama ushahidi wa uongo. Alikuwa amekufa miaka miwili tayari, hakuwa na namna ya kunikana.

Nikafaulu kwa alama za juu. Ndipo mkanifanyia ile sherehe. Na pale mlipoomba niwaeleze nimegundua nini, nikasimama hapa na joho langu nikasema, "Wapendwa, mtashangaa. Kule tambarare kuna akina mama hawamjui hata mwenyekiti wao, na wanaishi naye ua kwa ua!" Mkacheka. Kanisa zima lilicheka. Mama yangu peke yake hakucheka. Alikaa na mama mkwe wake miaka ishirini na kitu, anamjua. Tulipofika nyumbani aliniuliza tu, "Uliwauliza vizuri?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Mama amelala pale makaburini sasa. Hakuniuliza tena.

Nikapata kazi kwenye shirika moja, jina lake halina umuhimu, lilishafunga. Lilikuja na mradi wa kisima kirefu kwa vijiji vya wafugaji, na Getanuwas ikiwemo. Mkuu wangu akasema kwa furaha, "Bahati nzuri tuna utafiti wako." Kwenye mpango wakaandika kwamba kwa kuwa wanawake wa pale hawana uelewa wa uongozi, watapewa kwanza elimu ya uraia, na kuhusu mahali pa kisima wataulizwa wanaume. Nikaletewa nisome. Nikasoma. Nikasaini chini ya ukurasa kwa kalamu ya buluu. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Kisima kikachimbwa. Mimi nikahamishiwa kazi nyingine, sikwenda kukiona. Nilikuwa na visingizio vingi.

Miaka ikapita. Baba akaanza kusumbuliwa na kibofu, tukampeleka Haydom hospitalini. Siku ya kwanza tulikaa kwenye mabenchi ya nje tukisubiri kufunguliwa kadi. Basi likashusha watu, na kati yao akaja binti mmoja na mtoto mgongoni, anaonekana ametoka mbali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akafika dirishani. Karani, mtu mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamuuliza jina la mtoto. Akalitaja. Jina la baba yake mtoto? Akalitaja kwa shida kidogo. Jina la babu?

Binti akainamisha kichwa.

Nikasema moyoni, sasa atamgombeza. Wapendwa, yule karani wala hakuinua macho kwenye daftari. Alipaza sauti tu kwenye mabenchi, kama mtu anayeomba chumvi mezani: "Nani ametoka upande mmoja na huyu mama amtajie jina la babu wa mtoto?" Mwanaume mmoja aliyeshuka naye basi akalitaja. Karani akaandika, akagonga muhuri, akasema, "Haya mama, mlango wa tatu, pole na safari." Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Mimi nilikuwa na shahada mbili. Nilikuwa nimefundishwa kwa mihula minne namna ya kuuliza swali. Na pale kwenye benchi, na mafaili ya baba mapajani, nikaanza kulia. Baba akadhani ninalia kwa ajili ya kibofu chake, akaanza kunifariji, "Mwanangu, ni upasuaji mdogo tu huu." Nikazidi kulia.

Nikasikia mkono begani. Ni mama mtu mzima, mrefu. Alikuwa amemsindikiza yule binti, ni mkwewe. Amezeeka, lakini nikamjua, na yeye akanijua.

"Wewe ndiye mjukuu wetu wa karatasi," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulisema tutaonana tena."

Akakaa kando yangu, akanieleza bila kupandisha sauti. Ile elimu ya uraia ilifika. Akaja mwalimu kutoka mjini, kijana mzuri tu, amepewa karatasi kwamba wanawake hawa hawamjui mwenyekiti wao. Akawaweka chini ya turubai, akaandika jina la mzee ubaoni, akawaambia wote waseme kwa pamoja. Wakanyamaza. Akarudia. Wakanyamaza. Akamchagua mmoja aliyekuwa mdogo kuliko wote, bibi arusi wa miezi michache, akamsimamisha, akamwambia hatakaa mpaka aseme. Akasema. Na alipomaliza kusema akatoka pale turubaini akaenda moja kwa moja kwao kwa miguu, kwa aibu, na ilichukua mvua mbili wazee wa pande zote kumrudisha. Alikuwa huyu huyu binti aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni.

"Na kisima?" nikamuuliza, ingawa sikutaka kusikia.

"Maji yanatoka. Yana chumvi. Ng'ombe wanakunywa. Maharage hayaivi, mtoto akinywa anaharisha. Pale mahali sisi tunapajua, mabibi zetu walikuwa wanachota magadi pale. Maji matamu yako juu, karibu na mawe. Tungesema. Hatukuulizwa."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilijua kwa nini hakulitaja lile jina, na nikaandika hajui kwa sababu ya mvua na gari. Nilitarajia atanitukana. Badala yake akasema neno ambalo bado linanichoma: "Sisi tulidhani umeelewa. Ulicheka kama mtu aliyeelewa."

Baba alipopona nikaenda Getanuwas. Sikwenda kwa hiari yangu tu, niliitwa. Akina mama wale wana baraza lao. Sisi wasomi wa siasa tunasafiri nchi za watu kujifunza mabaraza, na hili lilikuwa nusu siku kutoka kwetu. Mwanamke akikosewa kama mwanamke, wanakutana, wanamwita mkosaji, wanamhukumu, na wanaume hupita mbali na kikao hicho. Nilikalishwa chini kwenye nyasi. Wakazungumza mmoja mmoja, kila anayeinuka anashika fimbo, hakuna anayemkatiza mwenzake, mkubwa wao anafupisha yaliyosemwa kabla hajampa mwingine nafasi. Nimehudhuria vikao vingi vya wenye tai shingoni. Sijaona kikao kilichoendeshwa vizuri namna ile. Na hawa ndio niliowapa sifuri.

Yule binti naye aliinuka. Alisema sentensi moja tu: "Mimi nililisema lile jina kwa sababu yako." Akakaa.

Wakanitoza faini ya asali, nikaileta. Halafu yule mama mrefu akatoa sehemu ya pili ya hukumu. "Yale maswali uliyoyaruka," akasema, "uyaulize yote. Kwa kila mmoja. Na usiwe na gari."

Nilikaa huko majuma sita. Niliuliza swali la nane mpaka la kumi na tisa, boma kwa boma, kwa miguu. Wawili kati ya wale thelathini na mmoja walikuwa wamefariki, nikakaa kwenye maboma yao bila kuuliza kitu. Waliobaki walikuwa na maoni mengi, jamani! Maoni kuhusu maji, kuhusu mashamba makubwa, kuhusu mwenyekiti mwenyewe, ambaye walimchambua kwa saa mbili bila kumtaja hata mara moja, na nilijua kila neno linamhusu nani.

Kisha nikamwandikia msimamizi wangu barua ya kurasa tano. Niliogopa barua ile kuliko upasuaji wa baba. Chuo kikaniita, nikakaa mbele ya kamati, nikasema yote. Shahada yangu ikasimamishwa. Nikarudia sura mbili za tasnifu nikiwa mtu mzima, katika maktaba ya watoto walioniita mama, na muda wote huo sikuwa na kazi ya maana. Mwishoni wakanirudishia, na barua kali imeambatanishwa kwenye faili langu mpaka nife. Ni sawa. Msimamizi wangu alistaafu kabla sijamaliza, lakini alinitumia ujumbe: "Swali langu lilikuwa zuri. Nilipaswa kuliuliza mara mbili." Hata yeye nilimwachia mzigo.

Msije mkapiga makofi mkadhani mambo yamekwisha. Kisima kile kina chumvi mpaka leo. Akina mama wamepata nafasi kwenye kamati ya maji, na bomba kutoka kwenye mawe linazungumzwa, lakini linazungumzwa tu. Yule mtoto wa mgongoni sasa anachunga ndama, na maji anayokunywa ni yale yale niliyosaini kwa kalamu ya buluu. Mungu amenisamehe, ninaamini. Mimi bado ninajifunza namna ya kuupokea ule msamaha bila kuugeuza kuwa mapumziko.

Ninamshukuru baba yangu, yupo pale, aliyenifariji kwa jambo ambalo hakulijua, na alipolijua hakunifukuza. Ninamshukuru yule karani wa Haydom ambaye hajui kabisa alichonifanyia. Ninamshukuru aliyekuwa msimamizi wangu, na ile kamati ya chuo kwa kuniacha nirudie. Na kuna wageni wawili benchi la nyuma, mmoja mrefu, na mwenzake ni mkwewe, amekuja na binti yake mdogo. Siyo wa kanisa letu. Wamekuja kwa miguu mpaka barabarani, kisha kwa basi, kwa sababu niliwaambia kwamba siku moja niliwachekesha watu hapa kwa kuwataja wao. Wamekuja kuona kama nitasema kweli. Naomba tusimame tuwasalimie.

Asanteni. Kaeni.

Fundisho langu ni dogo. Vijana mnaosoma, mnaokwenda kuuliza watu kwa simu zenu siku hizi: mtu akinyamaza, kaa. Usijaze kisanduku. Muulize jirani yake, muulize bibi yako, rudi kesho. Aliyenyamaza anaweza kuwa ndiye anayejua maji matamu yako wapi.

Na niliwaahidi sababu ya kutowataja watu kwa majina. Nimezungumza muda wote huu, mzee wa kanisa ni shahidi wangu. Mwenyekiti wa kile kijiji sikumtaja. Ninalijua jina lake, ninaweza kulitamka hapa mbele, maana mimi siyo mkwe wake. Lakini kuna watu wawili humu ndani wasiopenda kulisikia likitajwa ovyo, kwa hiyo nimelizuia. Mkirudi nyumbani mkaulizwa, yule dada wa chini ya barabara alisemaje, je, alimjua mwenyekiti, tafadhali ndugu zangu, msiseme sikumjua.